Nafasi ya Kabati Moja

Ukuta wa sebuleni, baina ya mlango na friji,
una futi mbili na inchi saba. Nimepima mara tatu,
mara ya tatu kwa utepe wa Zuwena wa kushonea,
nikidhani labda wa kwangu una choyo.
Makabati mawili yashakaa: la ndege za vita,
na la nyoka, ambalo Zuwena huanikia kanga mvua ikinyesha.
Imebaki nafasi ya moja,
na Michenzani, jumba namba sita, hawaongezi ukuta.

Darajani kuna duka, kontena lilishuka Ijumaa.
Suwedi akabonyeza, orodha ikateremka
kama masika juu ya bati:
magari, ngumi, mizinga, matunda yanayoanguka,
gemu elfu tatu na ushei.
"Na nyengine, ami, majina yake Kichina,
hata mimi sijazifungua."
Jipya, linanuka plastiki. Kioo bapa kama sinia.
Dhamana mwaka mzima. Na jepesi:
watu wawili na subira, lishafika ghorofa ya nne.

La pili liko Mwembetanga, ghalani kwa marehemu Ussi Pandu,
nyuma ya viti vya kukodisha harusi.
Lina gemu moja. Gari jekundu, njia ya milimani,
na daraja ambalo sijawahi kulivuka.
Usukani umelika upande wa kushoto tu,
maana kona mbaya zote ni za kushoto
na sisi sote tulizikamata kwa roho.
Kioo kimeungua: hata likizimwa
neno la mwisho la mchezo linabaki pale, kijivu,
kama sijda kwenye paji la uso.

Shaame, fundi wa Kwahani, alikuja na bisibisi mdomoni.
"Kioo hiki kikifa kimekufa. Spea hakuna, si Unguja si Dar.
Utabaki na kabati la nguo lisilo rafu.
Nambie nilitoe utumbo, nilitie bodi mpya.
Uso wa zamani, tumbo la elfu tatu. Nani atajua?"

Nani atajua.
Nikakaa kwenye kiti cha harusi ya watu.
Mshika mawili moja humponyoka, nilifunzwa.
Mshika elfu tatu, sikufunzwa.

Usiku nikamuuliza Zuwena.
Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.
"Elfu tatu utazicheza lini?
Utapekua, utapekua, utasinzia.
Halafu utaicheza ile ile ya gari."
Akatoa kijiwe, akakiweka ukingoni mwa uteo.
"Na lile bovu likifa?"
"Nitapata kabati la nguo. Rafu atatia Shaame."

Asubuhi tukaivunja droo ya sarafu.
Nilitegemea shilingi. Zilikuwamo tisa.
Zilizobaki washa: washa za bolti, washa za baiskeli,
vifuniko vya soda vilivyogongwa vikawa bapa,
na shilingi moja iliyotobolewa, ina uzi wa mshipi.
Uzi naujua. Fundo nalijua zaidi.
Mzee Ussi alikuwa akiifungua droo hii kila Alkhamisi,
akihesabu, midomo ikimchezacheza.
Na kila Ijumaa, baada ya sala,
mlango ulikuwa wazi, na hapana aliyeulizwa.

"Haya," kasema Shaame, "utumbo?"
"Uache."

Watu sita, ngazi za ghorofa nne.
Kwenye kona ya tatu likakwama, upande wa kushoto,
nikacheka peke yangu.
Bimkubwa wa ghorofa ya pili akachungulia,
akauliza maiti ya nani.

Sasa lipo. Limezidi inchi moja;
friji mlango wake hufunguka nusu, maziwa tunayatoa kwa ubavu.
Jana usiku nimefika darajani,
gurudumu la mbele lishakanyaga mbao,
umeme ukakatika.
Nikabaki nimeshika usukani gizani,
mkono wa kushoto umelala kwenye shimo lake.

Kutoka chumbani, Zuwena:
"Elfu tatu nazo zingezimika."