Chupa Sita na Fungu la Akeyo

Aprili. Mvua imeipiga Kisumu usiku tatu mfululizo
na asubuhi hii soko la Jubilee limefurika kijani:
osuga, apoth, kunde, na akeyo
iliyong'olewa na mizizi yake, mizizi na tope lake.
Nilinunua mafungu manne. Mama muuzaji akaniongeza la tano
aliposikia jina langu ni Akeyo.
"Mboga inanunua mboga!"
Akacheka hadi leso ikamdondoka.

Hotelini, kule Milimani,
Bwana Ogola alikwisha kunipangia chupa sita mezani.
"Jumamosi nina wageni. Samaki ana mvinyo wake,
mbuzi ana wake. Hii mboga yako nayo
itafutie mchumba."
Nikaketi, mshenga
asiyejua ukoo wa bwana harusi hata mmoja.

Wa kwanza, mwekundu, mzito.
Ulikutana na uchungu wa jani humo mdomoni
wakashikana mashati.
Kilichobaki ulimini ni ladha ya funguo,
zile tulizozilamba shuleni
tukingoja mwalimu afike afungue mlango.

Wa pili, wa rangi ya waridi, mtamu:
jirani aliyeingia matangani kachangamka
akiuliza chai iko wapi.

Wa tatu sikuuelewa.
Daftarini niliandika: sikuuelewa.

Wa nne ulitoka Naivasha. Si mbali, nikauombea heri,
nikaunywa mara mbili kwa ajili ya ujirani.
Hapana.

Nerima wa jikoni akachovya kijiko, akatafuna, akatazama dirisha.
"Tatizo si chupa. Umeichemsha leo
na unataka ipendwe leo?
Kwetu Bungoma mboga hii haijibu barua siku ileile."

Basi nikampigia mama, Seme.
Mama ni Msabato. Sikutaja mvinyo,
nilisema kinywaji cha zabibu.
Akanyamaza. Nikasikia kuku, nikasikia mvua juu ya bati.
"Mwaga maji ya kwanza. Mwaga na ya pili.
Tia maziwa mpaka jani lizame. Kukicha, pasha,
ongeza maziwa, funika. Usiku wa pili vivyo hivyo.
Wa tatu ukiisha, onja
kabla hujamwita mtu."
Kisha, polepole: "Na hiyo chupa ni bei gani?"
Nikamwambia.
"Hayo ni mabati matatu, Akeyo."

Jumatano, Alhamisi, Ijumaa:
sufuria ikalala pembeni mwa jiko kama mgonjwa anayepata nafuu.
Kila alfajiri nilifunua, nikapasha, nikafunika.
Harufu ilibadilika kwanza. Halafu rangi.
Jumamosi nilionja nikiwa nimesimama, sijavaa aproni.
Uchungu haukuwa umeondoka. Ulikuwa umeketi,
kama mtu aliyepewa habari mbaya juzi
na leo anaweza kula.

Nikafungua wa tano, mweupe, mkavu,
mkali kama ndimu isiyokomaa.
Uliingia, ukakaa karibu na mlango,
haukusema mengi.
Uchungu ukausogezea kigoda.

Niliandika jina lake kwenye kadi ya chakula
na chini yake, kwa herufi ndogo:
siku tatu ndani ya maziwa.
Bwana Ogola akaufuta mstari huo.
Wageni, alisema, hawalipi ili wasome habari za maziwa.
Chupa ya sita akairudisha kabatini na kufuli lake.

Jumapili nilikwenda nyumbani na chupa tupu ya Naivasha,
ile niliyoiombea heri.
Mama akaisugua kwa majivu, ndani na nje,
akaijaza samli, akaiweka juu ya kabati
kati ya Biblia na redio.
Kizibo akabaki nacho mkononi.
Akakinusa. Akakibonyeza kwa ukucha, akakinusa tena.
"Mti huu," aliniuliza, "mwepesi hivi,
huota wapi?"