Mwenye Mashine Aenda Pande

Miaka ishirini na saba nimesaga mahindi ya Mbagala,
sembe na dona, muhogo mkavu, ulezi wa uji wa wazazi.
Mashine ikanijengea nyumba, ikanitolea mahari,
ikachukua masikio. Ndiyo biashara:
hakuna kinachosagwa kikakosa pumba.

Daktari akaandika karatasi. Pazi, mwanangu, akaisoma,
akapaza sauti hata mimi nikasikia:
"Baba, nenda mahali penye kimya!"
Nikacheka. Kimya ninacho. Ninalala nacho,
kimya chenye nyenje ndani yake,
wanaolia usiku kucha na hawajui msimu.

Lakini nilikwenda. Bodaboda akaniacha langoni asubuhi,
umande bado umekalia kibao cha Pori la Akiba.
Askari wa zamu, Nyamizi: buti zimelika visigino,
bunduki begani kama mwavuli siku isiyo na mvua.
Akasema neno. Nikaonyesha sikio.
Akalirudia kwa mikono.

Tukaingia.

Yeye alitembea kwa kusikia. Akisimama, nasimama;
shingo yake ikigeuka, yangu inafuata:
juu, kima watatu, na tawi walilokwisha kuliacha;
kule, hondohondo, mdomo kama jembe la kuazima;
pale topeni, kwato za paa, mbilimbili,
kana kwamba mtu amebonyeza punje za maharage.
Kila kitu nilikipata baada ya mwenzangu,
kama gazeti la jana, kama shati la mtumba,
na bado lilinikaa.

Jua lilipopanda tukaketi kwenye gogo.
Akanigawia muhogo wa kuchemsha.
Kitu kikamwita kutoka bondeni.
Nilijua kwa jinsi taya lake lilivyoacha kutafuna.
Akatazama huko. Mimi, ambaye hakuna aliyeniita,
nikabaki na majani makavu mbele ya miguu yangu.

Jani moja likainuka.
Kisha la pili.
Kisha pua: ndefu, nyembamba, isiyotulia,
ikipekua ardhi kama kidole cha mama
kinavyotafuta changarawe kwenye mchele.
Sange. Mbele rangi ya kutu,
nyuma mweusi kama sufuria ya kuni,
na mkia ukipiga majani, ukipiga, ukipiga,
ngoma ambayo mwenye masikio alikuwa akiikosa.

Nilimgusa Nyamizi bega.
Safari hii ni yeye aliyefuata shingo yangu.

Hatukupiga picha. Alikuwepo, halafu majani yakawa majani.
Nyamizi akatoa daftari, akaandika saa na mahali,
akanipa kalamu: penye "Aliyeona," niweke jina.
Nikaliandika kwa herufi kubwa, kama ninavyoandika magunia.

Siku hizi, ikifika saa kumi jioni, nazima mashine.
Wateja wanachungulia, midomo inauliza: umeme umekatika?
Natikisa kichwa. Nakaa mlangoni,
unga unatua taratibu juu ya nyusi zangu,
natazama mtaa: kuku anapekua, pazia linatikisika,
mtoto anakata kona na ndoo ya mahindi kichwani,
na kabla hajafungua kinywa
nimeshamwona.