Kiatu cha Kulia

Ofisi yetu iko nyuma ya duka la fundi Likwata, hapa Liwale:
meza, benchi, kabati lisilofunga.
Cherehani inapokimbia, meza nayo inatetemeka,
na mwandiko wangu unatoka kama wa mtu mwenye homa.

Kwa mwajiri mimi ni karani wa ghala la silaha.
Naandika risasi zilizotoka,
naandika risasi zilizorudi.
Waliponichagua katibu hawakuniuliza siasa.
Waliuliza tu: Somoe, wewe si hukosei hesabu?

Tuko ishirini na watatu, askari wa pori.
Chama kikubwa kina ghorofa mjini na kalenda zinazong'aa,
kila mwezi kilitukata mshahara
kwa ustadi wa panya, anang'ata huku anapuliza.
Tukajitoa, msimu wa mabibo,
harufu yake imejaa mji mzima.
Ada yetu ni shilingi elfu tatu.
Nambunga alichelewa kulipa, sikumsema:
posho ya doria ilikuwa haijaja mwezi wa nne,
korosho zake ameshaziuza kangomba
zingali maua,
kwa bakuli la mtu mwingine.

Kisha Bakiri Mtulia.
Ng'ambo ya Matandu, mtego wa chuma, wa meno,
uliotegewa nyati.
Buti zake zilikufa mwaka juzi.
Alikuwa amevaa yeboyebo.
Gari halikuwa na mafuta;
wenzake walivua mashati, wakafunga machela,
wakatembea naye siku mbili,
naye anawaomba radhi kwa uzito wake.
Ndanda walikata juu ya kifundo.

Nikaandika barua.
Nakala kwa, nakala kwa, nakala kwa.
Nikagonga muhuri wetu uliochongwa Masasi, herufi moja imepinda.
Basi likakwama kwenye tope kabla ya Nangurukuru,
barua ikalala njiani na abiria na kuku.
Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu, mstari mmoja:
Suala lenu linafanyiwa kazi.

Kazumari, mwenyekiti, alilisoma mara mbili.
"Basi na hilo suala lijiunge na chama," akasema,
"linafanyishwa kazi muda wote huu na halijalipwa."
Tulicheka mpaka fundi akasimamisha cherehani.
Halafu hatukucheka.

Hatukugoma. Neno hilo hatukulitamka popote.
Tulisema: tutafanya doria
mpaka pale viatu vyetu vinapoishia.
Vilikuwa vinaishia getini.

Wawili walijitoa usiku, kwa ujumbe wa simu.
Sikuwafuta. Niliwaandika upya kwa penseli.
Mmoja alirudi, akaomba wino.

Siku ya kumi na tisa lori likaja.
Jozi ishirini na tatu, zote namba kumi,
kana kwamba serikali imewahi kuona mguu mmoja tu.
Nambunga, mwenye unyayo wa mtoto wa shule,
alijaza magazeti, akapiga saluti, akaanguka.

Bakiri alikuja na mkongojo wa mninga.
Mtunza stoo akamwambia: jozi haigawanywi,
saini zote mbili au acha zote mbili.
Akasaini.
Cha kushoto alikivaa palepale, akainama muda mrefu kukifunga kamba.
Cha kulia akakipangusa kwa kiwiko,
akakileta ofisini, akakiweka juu ya daftari.

"Andika, Somoe."
"Niandike nini?"
"Si wewe unayehesabu vilivyotoka na vilivyorudi?"

Cherehani ilikuwa inakimbia. Nilisingizia meza.

Sijaandika mpaka leo.
Kipo kabatini, ulimi nje, kamba hazijaguswa,
na mwanachama mpya akija kujiandikisha
huusukuma mlango kwa goti, mara moja, mara mbili,
huniuliza una nini.