Thelathini na Moja

Saa nane usiku, Pasua, umeme umerudi.
Feni ya kompyuta inakoroma kama mwenye pumu
na mimi napaka moto.
Si moto wa kuni. Wa maneno:
alama ya kutoroka, mabano ya mraba, thelathini na moja, m,
halafu JOKA LINAPUMUA,
halafu sifuri, ya kufunga,
maana rangi isiyofungwa haina adabu.
Wiki iliyopita nilisahau sifuri moja
mchezo mzima ukavuja damu:
salamu nyekundu, bei za sokoni nyekundu,
mtu akaaga "nakwenda kulala"
kwa rangi ya ajali.

Mchezo wenyewe hauna picha.
Pango ni herufi, mto ni herufi,
na watu kumi na saba, huko wanakojua wao,
wanaandika kaskazini, chukua upanga, piga.
Mimi Ndewirwa, mchana nabadilisha vioo vya simu karibu na stendi.
Usiku ndiye ninayewasha jua lao.

Niliwatengenezea mapambazuko.
Kuna ngazi ishirini na nne za kijivu,
kuanzia mia mbili thelathini na mbili.
Nilizipanda zote, herufi moja ngazi moja,
kama ukungu unavyojivua huku kwetu
mlima ukachungulia dakika tano
kisha ukajifunika, kama mtu anayedaiwa dukani.
Nikaongeza waridi kidogo kwenye ncha.
Wakaandika: aisee!
Mmoja akasema ameita mkewe aje aone.

Ila Kigego aliuliza:
"Fundi, huyu Thelathini na Moja ni nani?
Kila joka likija, yeye ametangulia.
Na asubuhi unanihesabia mpaka nachoka."

Nikacheka. Kisha nikaacha.
Kigego haoni. Ana mashine inayomsomea,
na mashine haijui kupaka, inajua kutaja.
Mapambazuko yangu, kazi ya siku tisa,
kwake yalikuwa karani anayeita majina ya wadeni.

Nikatunga amri: zima rangi.
Mistari sita, Jumapili moja.
Akaijaribu. Akaandika:
"Sasa kumetulia. Lakini joka limepoa."

Limepoa.
Nilikaa na neno hilo hadi chai ikafanya utando.

Lugha yangu ina rangi tatu tu zinazovaa sare ya kitu:
jiwe jeupe, usiku mweusi, kidonda chekundu.
Nyingine zote ni vitu vyenyewe tulivyoazima.
Kijani ni jani.
Kijivu ni jivu la jana, bado lina uvuguvugu katikati.
Manjano ni binzari inayogoma kutoka kwenye kucha.
Zambarau, ulimi wa mtoto anayeapa hakuiba.
Na hata hiyo nyekundu:
mama yangu, kule Uru, huchuma buni hadi giza linaingia,
anaijua kwa kidole gumba.
Iliyoiva huteleza. Mbichi hubisha.

Mia mbili hamsini na sita nilikuwa nazo,
na hakuna hata moja iliyonuka.

Nikaandika upya, bila namba:
Joka linapumua. Vinyweleo vya mikono yako vinajikunja.
Kuna harufu ya kucha iliyoungua.
Ni yako.

Nikasubiri. Kishale kinapepesa.
Kigego: kusini.
Kigego: kusini.
Kigego: kusini kusini kusini
na mimi peke yangu chumbani nikapiga meza kwa furaha
mpaka jirani akagonga ukuta.

Mapambazuko bado.
Nimefika ngazi ya tatu, nimekwama.
Nimezima kioo, nimefumba macho, dirisha wazi:
baridi inashuka kutoka juu bila hodi,
fagio la mtu linaanza uani,
madumu ya maziwa yanagongana kwenye baiskeli.
Hiyo ni ya nne, labda.
Ya tano sijaisikia.