Nyuzi Mia na Ishirini

Waliingia na baridi ya Juni mabegani,
wazazi kumi na mmoja,
wakajikunja kwenye viti vya watoto, magoti yakitafuta videvu.
Mji wa Salto, saa moja usiku, hita moja ya kugombewa,
na kibuyu cha chai chungu kikipita mkono kwa mkono
na mrija wake wa chuma, kama tuko matangani.

Nilikuwa na hotuba. Nilisema lugha hizi za kuanzia
ni ngazi yenye vipago vya karibu karibu.
"Ngazi ya kwenda wapi?" akauliza mama yake Thiago,
na hotuba ikaishia hapo.

Ndipo Wilmar Etcheverry, fundi wa vigae,
saruji ya mchana bado imelala kwenye kucha zake:
"Mwalimu, nimeiona hiyo kompyuta nyumbani.
Vibao vya rangi. Paka anacheka.
Mpwa wangu Montevideo analipwa kwa kuandika herufi,
herufi tupu kwenye kioo cheusi. Kwake hakuna paka.
Mnamfundisha binti yangu kazi, au mnamlea kwa katuni?"

Nikamwambia: kwenye lugha ya mpwa wako
nukta mkato moja ikikosekana, mashine hununa.
Mtoto hulizwa na nukta kabla hajalifikia wazo.
Hapa vibao visivyopatana havishikani,
kwa hiyo akikosea, amekosea kufikiri,
na kosa la kufikiri ndilo tunalolitaka.

"Basi shuleni mnamwondolea nukta," akasema.
"Na duniani atamwondolea nani?"

Sikuwa na jibu. Hata leo
nikiwa nafua, hulitafuta.

Nahiara, miaka tisa, hakutungoja.
Alikuwa amempanga kobe wake kwenye kioo:
nenda hatua mia,
geuka kulia nyuzi sitini,
rudia mara tatu.
Alitaka pembetatu. Kobe akamchorea
nusu ya tundu la sega, kinywa wazi,
akasimama hapo bila haya.

"Sitini ni sawa," baba akainama.
"Pembetatu yenye pande sawa, kila pembe sitini.
Nimekata vigae miaka ishirini na sita.
Mashine yenu ndiyo mbovu."
Watu wakacheka, nami nikacheka, kwa woga.

"Baba, simama. Wewe ndiye kobe."

Mtu mzima, mzito, akasukuma viti.
"Nenda." Hatua nne hadi kabatini.
"Geuka sitini." Akageuka kidogo tu,
kama aliyeitwa na jirani asiyempenda.
"Nenda." Akakwama dirishani,
mgongo kwetu, pua karibu na kioo baridi,
mbali kabisa na alikoanzia.

Hakuna aliyesema kitu. Kibuyu kilisimama.
Nikauona mkono wake ukipima hewa,
kiganja kikifunguka polepole kama bawaba yenye kutu.
"Kigae nakikata kwa ndani," akaiambia sakafu.
"Lakini mtembeaji hugeukia nje."
Akarudi kabatini, akajaribu tena, akageuka sana,
karibu kutupa kisogo,
akaenda, akageuka, akaenda,
na kiatu kikatua pale kilipotoka.

"Mia na ishirini."

Akaifuta sitini kwa kidole kimoja,
kidole kilekile cha kulainishia maungio,
na kobe akafunga mlango wake.

Hakuniambia nina haki. Aliuliza
kama kobe anaweza kuchora bafu lenye ukuta uliopinda,
la mteja mmoja anayemsumbua tangu Pasaka.
Mama yake Thiago alitoka na swali lake bado mkononi,
akalifungia koti.
Mlangoni Wilmar akageuka: "Lakini yule paka, mwondoeni."

Asubuhi, mfagiaji, Bi Delmira, aliniita
anionyeshe nyayo nyeupe za saruji darasani.
"Mlevi gani huyu?" akauliza.
Nikamwomba asifagie kwanza.
Paka bado yupo.