Karatasi Moja

Keti, Valdemar. Kiti hiki hulia kikiegemea kushoto,
kimelia tangu mwaka wa tisini na nane, kizoee.
Chini ya dirisha ni bonde la Pfaffenthal
na lifti ya kioo inayopandisha wasiotaka ngazi.
Baada ya saa nne usiku mlango wa jengo hausukumwi, huvutwa.

Nilipoingia kazini, deni lilishikika mkononi.
Hatifungani ilikuwa karatasi nzito yenye nakshi,
ukingoni kuponi zimepangwa kama stempu,
na madaktari wa meno wa Ubelgiji walishuka treni ya asubuhi
na mikasi mifukoni, wakakata riba yao pale kaunta,
kisha wakala keki, wakarudi kwao kung'oa magego.

Baba, aliyezeeka mbele ya tanuri la chuma la Esch,
aliniuliza: Josiane, nyinyi huko mnatengeneza nini?
Nikasema: ahadi.
Zina uzito gani?
Kurasa mia tatu na kumi na mbili, nikamjibu.
Alicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa
hakuna aliyecheka tena mezani.

Dawa ya deni kulipa, hilo kila mtu analijua.
Sisi huandika kipimo:
mara ngapi kwa mwaka, nani ameze kwanza,
nani angoje, nani alambe kizibo chupa ikikauka.
Wakopaji wako Braga, sheria ni ya Uingereza,
fedha ni za walimu wastaafu wa Utrecht,
na saini ya mwisho hutoka Osaka, ambako kumeshakucha
na mtu mwenye mafua anakupigia miayo simuni.
Katikati tunazaa kampuni. Haina karani, haina hata birika.
Ina anwani, na jina: Mlozi Namba Saba.
Hisa zake zimewekwa wakfu kwa hisani isiyotajwa;
sisi huiita yatima.
Na mali ya yatima, ulijua kabla ya chuo, hailiwi.
Hulindwa. Kwa ada.

Novemba, usiku ule wa kufunga, ulikuwa ukipitia orodha:
mistari elfu nne na ushei, hakuna jina hata moja.
Msimbo wa posta. Mwaka. Salio. Siku za kuchelewa.
Ulifika mstari mmoja ukasimama.
Elfu sitini na moja, mia tatu na arobaini; siku sabini na nne.
Ukaenda kuleta kahawa, wewe usiyekunywa kahawa,
ukarudi na vikombe viwili.
Nilijua. Uliwahi kunisimulia nyumba ya shangazi,
ile ambayo mumewe aliijenga kwa ujira wa hapa,
akimwaga zege ya ghorofa hizi hizi tunazopanda kwa lifti.

Mkataba unasema: aliyechelewa kupita siku thelathini hamo.
Akibaki nje, benki humuuza kwa bei ya chakavu
kwa watu wasioandika barua mara mbili.
Ulifuta mstari. Kidole hakikutetemeka,
kikombe ndicho kilichotetemeka.
Nami, mwenye mamlaka ya kuuliza, niliuliza
kama koma ya ukurasa wa themanini imerekebishwa.

Wiki iliyofuata nilikusikia koridoni ukizungumza Kireno.
Neno moja nilishika, "muda". Ulilisema mara tatu,
kama mtu anayelipigia bei sokoni.
Hilo nalo sikuuliza.

Deni lote, milioni mia nne na sabini,
hukaa kwenye karatasi moja. Niliibeba mwenyewe
chini ya koti, mvua ikinyesha, hadi kasha la benki.
Ni nyepesi mno. Laiti baba angeniuliza tena.

Ufunguo ni huu. Droo ya chini hukwama, ivute kwa nguvu.
Ndani utakuta mkasi.
Mteja mmoja aliusahau, na hakurudi.