Vitobo

Tuliusikia kabla ya kuuona,
maana harufu husikiwa, haionwi,
na Athmani akaapa kuna paka amekufa
chini ya mivinje ya Nguuni,
siku ya tatu ya masika, maji yametuama
kwenye machimbo ya zamani.

Hatukuwa wataalamu. Swabra ni karani wa forodha,
Kalume hutengeneza friji Kisauni,
mimi nafundisha hesabu darasa la sita.
Jumapili hutembea tu, matope yakila viatu,
kila mtu na chapati yake mfukoni.

Kumbe si paka. Uyoga.
Umesimama juu ya sindano za mvinje
kama bwana harusi aliyechelewa,
kichwa rangi ya ugoro, na chini ya kichwa
pazia jeupe limeshuka hadi mchangani,
tundu kwa tundu, hakuna uzi uliokatika.
Na nzi. Nzi wamemzonga kama wadai.

"Usiguse," akasema Swabra, naye ameshagusa.

Kalume akatoa kitabu. Kurasa za uyoga nne,
zote za nchi za theluji.
Tukaupima kwa rula ya shule: sentimita kumi na saba.
Tukafukua kando: ganda laini, lililopasuka,
ungedhani yai la kenge.
Tukalaza karatasi tupate chapa ya mbegu zake,
tukala chapati, tukangoja.
Karatasi ikabaki nyeupe.
Mbegu hazidondoki. Nzi ndio wachukuzi,
wakipakia mzigo mbele ya karani wa forodha
bila hata stakabadhi.

Tukautia kwenye mkebe wa halwa.
Kufika barabarani, pazia limeanguka.
Kufika Majengo, maji matupu,
na mkebe ule hautiwi halwa tena.

Ikabaki picha. Nikamwonyesha mama,
ambaye macho yake yameishia kwenye kofia za watu,
kitobo baada ya kitobo, miaka thelathini,
dirishani Kibokoni.
Akaisogeza simu, akaitenga, akaisogeza.
Hakuuliza kama unaliwa. Hakuuliza kama una sumu.
Alihesabu.
"Hapa fundi karuka kimoja," akasema,
na sijamwona akifurahi vile tangu Idi.

Wiki ya pili watu wa makumbusho wakajibu, mstari mmoja:
jamii ya uyoga wa pazia, aina hatuna hakika,
leteni mwingine, mbichi.

Mbichi!

Sasa mvua ikigonga bati usiku
Kalume hunipigia: Umesikia?
Nami hufungua dirisha,
navuta pumzi.